Mashini Haihukumu Mtu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wawakilishi wa wafanya kazi)

Ndugu wanachama,

Wengi wetu siku hizi twasoma kwa simu: masomo ya usalama kazini, masomo ya kazi mpya, na haya ya chama chetu. Katika programu hizo, kama ile iitwayo Moodle iliyotolewa mwaka 2002, mwalimu haketi mlangoni. Huandika kanuni, na mashini huifuata: "Asiyepita jaribio la kwanza asifunguliwe somo la pili." Kanuni ikiwekwa sawasawa hutusaidia. Ikiwekwa vibaya humwumiza asiyekosa.

Twawaeleza kosa letu wenyewe. Tulipofungua masomo ya chama tuliandika kwamba jaribio lifunguliwe Ijumaa saa kumi na mbili jioni, lifungwe saa sita usiku. Wenzetu wa zamu ya usiku walitoka kazini asubuhi wakakuta limefungwa, na mashini imekwisha kuwapelekea barua kuwa wameshindwa. Mashini ilitii tu tuliyoandika. Sisi ndio tuliosahau zamu.

Tangu hapo twafuata haya:

1. Programu yaweza kumhesabu mtu kuwa amemaliza somo kwa kufungua ukurasa tu. Hiyo si elimu. Twataka apate alama ya kupita, na alama hiyo iandikwe wazi katika jaribio.

2. Masharti yakiwa mawili, tazama kama umechagua "yote" au "lolote." Tulitaka aingie mwenye cheti cha zamani au aliyepita jaribio. Tulipoweka "yote," wenye vyeti walibaki nje.

3. Sharti lisifichwe. Mwanafunzi aone somo limefungwa, na kwa sababu gani.

4. Watu wa zamu wapewe tarehe yao. Moodle huruhusu hivyo kwa kikundi au kwa mtu mmoja.

5. Kabla ya kufungua, mmoja wetu aingie kama mwanafunzi, ashindwe makusudi, tuone litakalotokea.

Hayo ni ya masomo yetu. Matajiri nao wana programu zao, na huko kanuni mbaya yaweza kugusa mkate wa mtu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, yampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo kubwa na mashini peke yake, ingawa yataja hali ambazo haki hiyo hupunguzwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yataka mtu asikilizwe kabla ya kufukuzwa kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi, na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama awe pamoja naye.

Kwa hiyo, ndugu, ukipata barua kwamba mashini imekuandika hukumaliza somo, usinyamaze wala usitie sahihi upesi. Ilete ofisini kwa chama. Na kila mwakilishi aombe kwa tajiri wake kanuni za masomo zikiwa zimeandikwa, azilete katika mkutano ujao tuzisome pamoja.