SOKETI MOJA, WASIKILIZAJI WAWILI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Njombe)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kuandika programu za kompyuta. Nimeona afadhali nisimulie kosa langu, maana sifa mtazisikia kwa wengine wakati wa chakula.

Makambako kuna ghala moja la viazi. Gunia likipimwa, uzito wake hupelekwa kwenye seva, na papo hapo seva huusukuma hadi kwenye kivinjari cha karani. Habari hizo hupita kwa WebSocket, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2011. Kwa desturi kivinjari huuliza, seva hujibu, na mazungumzo huishia hapo. WebSocket huacha mlango wazi, kila upande ukasema unapokuwa na neno. Soketi hiyo niliikuta inafanya kazi, imeandikwa na mwenzangu. Mimi nilitakiwa kuiunganisha na kurasa mpya za Vue, fremuweki aliyoitoa Evan You mwaka 2014.

Vue huujenga ukurasa kwa vipande. Kipande huwekwa mtu anapofungua ukurasa, na huondolewa anapokwenda kwingine. Katika kipande cha hesabu niliweka msikilizaji mwenye agizo moja: gunia likitajwa kwenye soketi, ongeza moja katika jumla ya siku. Sikuandika popote kwamba kipande kikiondoka, naye aondoke. Basi kipande kiliondoka, soketi ikabaki, na msikilizaji akabaki ameing'ang'ania. Asubuhi moja, kabla ya gunia la kwanza, karani alifungua ukurasa wa malipo kisha akarudi kwenye hesabu. Wasikilizaji wakawa wawili.

Jioni skrini ilionyesha magunia 84. Ghalani yalikuwamo 42. Kijana yule akatakiwa aeleze yaliko mengine, na akaambiwa asipoyaeleza kesho asije kazini. Nilipigiwa simu usiku nikiwa hapa Njombe. Alfajiri nikapanda basi, na zile kilometa 60 hivi sijapata kuziona ndefu kama siku ile.

Wazee wenzangu mnaijua reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975. Inapita Makambako, haifiki Njombe. Mwenye mzigo hapa hajijengei reli yake; hushuka kwa barabara hadi stesheni. Ndivyo nilivyoipanga upya kazi. Soketi hufunguliwa mara moja tu, nje ya vipande vyote, katika faili yake yenyewe. Kipande kikiwekwa hupeleka msikilizaji, kikiondolewa humrudisha. Na hapa vijana muwe macho: anayeondolewa lazima awe yule yule aliyewekwa. Mara ya kwanza nilitunga mwingine mwenye maneno yale yale, nikataka huyo aondolewe. Kompyuta haikumtambua, na yule wa zamani akaendelea kuhesabu.

Lilikuwapo na shimo la pili, ambalo sikulijua hadi umeme ulipokatika mchana ule. Soketi ikikatika, yaliyosemwa wakati huo hayatunzwi kwa ajili yako. Ukiunganishwa tena utasikia yajayo tu. Kwa hiyo sasa, kila soketi inaporudi, ukurasa kwanza huiomba seva jumla kamili, na kila gunia lina namba yake ili lisihesabiwe mara mbili.

Daftari la seva lilikuwa sahihi muda wote: 42. Nililifungua mbele ya wenye ghala nikasema kosa ni langu. Walikasirika, na walikuwa na haki.

Karani yule bado yuko kwenye mizani. Alinisamehe, lakini kando ya skrini ametundika ubao, na kila gunia hulichorea mstari wa chaki.