Kambi za Safari Rally: Fika Kukiwa na Mwanga

Haya ni maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti, aliyozungumza mjini Naivasha mbele ya mashabiki wa mbio za magari, wenye viwanja vya kambi na waendeshaji bodaboda kabla ya Safari Rally ya Machi 2025. Tumeyachapisha kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kufika.

Niruhusuni niingie moja kwa moja kwenye jambo lililotuleta hapa.

Mbio ni tarehe 20 hadi 23 Machi. Najua wengi wenu hamkuhitaji kuambiwa. Hata mimi, kabla ya kuwa afisa, ni shabiki. Tuko marafiki wanane wenye kundi la WhatsApp ambalo mwaka mzima halina hata salamu, lakini ikifika Januari simu hazilali. Kila mwisho wa mwezi tunamtumia mweka hazina mchango kwa M-Pesa. Tunabishana ni nani aliyesahau chumvi mwaka jana, nani atabeba jiko, na hema la yule mwenzetu anayekoroma litawekwa umbali gani. Wiki moja kabla ya mbio, mimi huwa nimeshapanga begi langu mara tatu.

Mtu asiyekuwa shabiki hutuona kama wendawazimu. Gari linapita mbele yako kwa sekunde tano au sita, halafu ni vumbi. Ukijumlisha yote utakayoyaona siku nzima, ni dakika chache tu. Lakini hiyo siyo hesabu yetu. Sisi tunahesabu chai ya asubuhi wakati ukungu ungali juu ya ziwa, helikopta inayotangulia kuangalia kama kuna pundamilia barabarani, na kile kimya kinachoshuka watu wanapoanza kusikia injini kwa mbali. Anayesafiri kutoka Nairobi alfajiri hukuta barabara ya mkondo imeshafungwa, kwa sababu hufungwa saa kadhaa kabla ya gari la kwanza kupita. Aliyelala pale pale ndiye anayeiona asubuhi yote.

Kulala nje kwa ajili ya mbio hizi hatukukuanza sisi. Zilipoanza mwaka 1953 ziliitwa East African Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kwa maelfu ya kilomita, usiku na mchana, kwenye barabara zile zile za watu na ng'ombe. Mwaka 1963, na tena 1968, yaliyofika mwisho yalikuwa saba tu. Joginder Singh wetu alishinda mara tatu, na Shekhar Mehta mara tano. Baba yangu anasema Pasaka ya utotoni mwake haikuwa nguo mpya. Ilikuwa blanketi, taa ya mafuta na kukaa kando ya barabara ya murram kusubiri taa za magari zitokee kilimani.

Mbio zikaondoka kwenye ratiba ya dunia baada ya 2002, na kwa miaka karibu ishirini kizazi kizima kikazisikia kwa masimulizi. Ziliporudi Juni 2021, zilirudi hapa Naivasha. Mtakumbuka Thierry Neuville alikuwa mbele hadi Jumapili asubuhi, gari lake likaharibika katika mkondo wa Loldia, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Kuna watu humu walikuwepo na bado wanasimulia kama jambo la jana.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka mlishike. Kuanzia 2024 mbio zimetoka Juni zikaja Machi. Juni tulikuwa na baridi na vumbi. Machi, mvua ndefu zinabisha hodi. Ardhi yetu hii ya volkano, ambayo ikikauka huwa laini kama unga wa mahindi, ikipata maji haimsamehe mtu. Nitawaeleza yaliyonipata mwenyewe mwaka jana, na aibu ni yangu peke yangu.

Tulichelewa kutoka kazini. Tukafika upande wa Elmenteita saa mbili usiku, gizani, kila mtu na tochi ya simu. Tukapata mahali pazuri mno: mchanga laini, pametulia, pamekingwa na upepo, na cha ajabu hapakuwa na hema hata moja. Mmoja wetu alikuwa amekuja na mkewe na mtoto wa miaka minne. Tukapiga mahema manne, tukachoma nyama, tukalala tukijiona werevu.

Saa tisa usiku nikaamshwa na sauti kama ya lori linaloshusha kokoto. Pale tulipolala mvua ilikuwa manyunyu tu, ila ilikuwa imenyesha juu kwenye vilima, na sisi tulikuwa ndani ya korongo. Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu kabla sijapata zipu ya hema. Mwenzangu alimtoa mtoto akiwa bado ndani ya blanketi, akampitisha juu ya kichwa kwa mchungaji mmoja wa pale aliyekuja mbio na kurunzi. Yule mchungaji alituambia baadaye kwamba alikuwa ameona taa zetu jioni, akasema moyoni, hawa wamelala njiani mwa maji, asubuhi nitawaambia. Tulipoteza mahema mawili, chakula chote, na viatu ambavyo sijui viliishia wapi. Mtoto alilala tena baada ya dakika kumi. Sisi wengine hatukulala.

Nimeirudia ile jioni mara nyingi kichwani, na kila mara naishia kwenye saa tuliyofika. Tungefika saa kumi alasiri tungeona kingo za korongo kwa macho, tungeona magogo yaliyoletwa na maji ya mwaka uliopita, na tungemkuta mchungaji akirudisha mbuzi, tukamsalimu, akatuambia. Mchana mahali penyewe hukwambia. Kwa hivyo ombi langu kwa kila kundi ni moja: fikeni kukiwa na mwanga, hata kama ni kuomba ruhusa nusu siku. Na mkifika, muulizeni mwenyeji kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza.

Mnaopenda kando ya Ziwa Naivasha, neno hilo hilo. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na ana njia zake anazozirudia. Mchana utaiona njia yenyewe, imekanyagwa mtaro, na kinyesi kimetapakaa vichakani. Usiku utaona nyasi fupi nzuri za kuweka hema. Mnyama wa zaidi ya tani moja akikukuta kati yake na maji, hana muda wa kuuliza wewe ni shabiki wa nani. Wavuvi wetu wanalijua hilo, na kuna familia hapa mjini zinazolijua kwa uchungu. Ukiamka kwenda haja, mulika kwanza, na usiende peke yako.

Moto nitaupitia haraka kwa sababu mmeshausikia. Leleshwa huwaka hata likiwa bichi, kwa hivyo kama mvua haijashika, makaa yamwagiwe maji, yakorogwe, yamwagiwe tena. Ila moja sitaliharakisha: msiingize jiko la makaa ndani ya hema, hata likiwa limefifia, hata kwa dakika tano za kupasha joto. Ile hewa haina harufu. Hutakohoa, hutaamka. Bebeni blanketi la ziada.

Asubuhi ya mbio yenyewe, simama juu, usisimame nje ya kona. Gari likikosa kona huenda kule lilikokuwa limeelekea, yaani kwa waliojipanga upande wa nje wakitafuta picha. Ni chuma cha zaidi ya kilo elfu moja, na dereva akishapoteza njia hana la kukufanyia. Magari hupishana kwa dakika kadhaa ili vumbi litulie, na huo ndio muda watu hudanganyika wakavuka barabara. Wenye mifugo, nawaomba mfunge ng'ombe na mbwa mapema siku hiyo.

Na wasimamizi mnaowaona na vizibao vya kung'aa, wengi ni vijana wa hapa hapa, mtoto wa jirani yako. Akikwambia rudi nyuma ya utepe, usimwulize yeye ni nani. Waandalizi hutanguliza magari ya usalama kabla ya washindani, na wakiona watu wamekaa vibaya, mkondo unaweza kusimamishwa au kufutwa kabisa. Watu mia wakaidi wanaweza kuwanyima maelfu walioamka saa kumi alfajiri.

Wenye viwanja, nanyi mnisikilize. Sina ugomvi na mtu kupata riziki. Wiki hii moja hulipa karo za watoto wengi hapa. Lakini mgeni anayelipa pesa nzuri akakosa choo na maji hatakutusi, atalipa tu na mwaka ujao ataenda kwa mwenzako. Mwekee pipa la takataka na umwonyeshe lilipo. Wale mnaouza vinywaji karibu na Hell's Gate, kumbukeni ni mbuga ya taifa: plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku humo tangu tarehe 5 Juni 2020. Mgeni atanyang'anywa chupa zake langoni na atarudi kukulaumu wewe. Muuzieni chupa ya kujaza tena. Na Elmenteita ni sehemu ya urithi wa dunia tangu 2011. Mwari wanaozaliana pale hawajui kutofautisha kifuniko cha soda na samaki.

Bodaboda, nimewaacha mwisho ila sikuwasahau. Usiku wa Ijumaa na Jumamosi, mashabiki wakishashiba, wako wanaotaka kuigeuza Moi South Lake Road kuwa mkondo wao. Ile ni barabara yenye matatu, mabasi ya wafanyakazi wa mashamba ya maua wanaotoka zamu, na akina mama wanaotembea kando gizani. Ukimwona mteja amelewa na ana funguo mkononi, mpe bei ya haki umpeleke kambini. Usimpandishie mara tatu kwa sababu ni mlevi. Ukifanya hivyo ataendesha mwenyewe, na huenda atakayemkuta mbele ni wewe.

Kundi letu limeshakubaliana. Tunaondoka Alhamisi saa tano asubuhi, na aliye na kikao atakuja na matatu mchana. Mtoto atakuja tena, sasa ana miaka mitano, na ameshasema anataka kulala "kwa yule mzee wa kurunzi". Nilimpigia simu mzee mwenyewe wiki iliyopita. Amesema tumtafute kabla ya jua kuzama, atatuonyesha mahali.

Naona mama pale mbele ameinua mkono tangu niliposema habari ya vyoo. Karibu mama, tuanze na wewe.