Pumzi ya Samaki: Matamvua, Mabwawa na Mafunjo ya Karagwe na Kyerwa



Mfugaji akikuta samaki wake wameelea asubuhi, mara nyingi hushuku sumu, na wakati mwingine humshuku jirani. Hoja yangu ni kwamba, kabla ya yote hayo, tuulize usiku huo samaki walikuwa wanavuta nini.

Lita moja ya hewa ina oksijeni takriban mara 30 ya ile iliyomo katika lita moja ya maji. Samaki basi anaishi katika uhaba tangu anapoanguliwa, na matamvua, yale mashavu mekundu tunayoyafunua sokoni kupima kama samaki bado ni mbichi, yameumbwa kwa ajili ya uhaba huo. Kila upande wa kichwa una matao manne ya mfupa. Kila tao limebeba nyuzi nyingi laini, na kila uzi una visahani vyembamba vilivyojaa damu. Samaki hufungua mdomo, maji huingia. Akiufunga, maji husukumwa kupita katikati ya visahani na kutokea chini ya kifuniko cha shavu. Damu nayo hutembea kinyume na mwendo wa maji. Hapo ndipo penye siri: damu inayokaribia kutoka, ambayo tayari ina oksijeni nyingi, hukutana na maji mapya yenye nyingi zaidi, kwa hiyo inaendelea kuchukua hadi hatua ya mwisho. Kwa njia hii samaki anaweza kunasa hadi asilimia 80 ya oksijeni inayopita. Mapafu yetu hunasa kama robo tu ya tunayovuta. Lakini mtoe nje ya maji, visahani hushikamana kama kurasa za daftari lililolowa, na anakosa pumzi katikati ya hewa tele.

Sasa tuje nyumbani. Kadiri tunavyopanda juu, mgandamizo wa hewa hupungua na maji hushika oksijeni kidogo. Maji ya nyuzijoto 25 huko pwani hubeba takriban miligramu 8 kwa lita. Penye mwinuko wa mita 1,500, kama ilivyo kwenye vilima vingi vya Karagwe, hubeba karibu 7. Bwawa lililowekwa samadi nyingi huwa kijani kibichi. Mchana mwani huzalisha oksijeni, usiku nao huivuta pamoja na samaki na vijidudu vinavyoozesha samadi. Alfajiri, kabla jua halijachomoza, ndipo oksijeni inapokuwa chini kabisa, hasa baada ya siku ya mawingu. Ikishuka chini ya miligramu 3, sato hupunguza kula. Ikiendelea kushuka, utawaona juu ya maji wakihema. Tope nalo, liwe limetoka shamba la mtelemkoni au machimbo ya bati, huziba nyuzi za matamvua.

Kambare hasumbuki hivyo, kwa kuwa juu ya matamvua yake ana kiungo chenye matawi kama mti kinachovuta hewa moja kwa moja. Kamongo aliyekomaa hupata kama sehemu tisa kwa kumi za oksijeni yake kupitia mapafu. Akinaswa chini asiweze kupanda juu, huzama akafa, samaki huyo.

Vinamasi vya mafunjo kando ya Mto Kagera vinastahili heshima zaidi ya tunayovipa. Maji yaliyo chini ya mafunjo mazito huwa na oksijeni haba sana. Nchini Uganda, mtafiti Lauren Chapman na wenzake waligundua kwamba samaki wa vinamasi wana matamvua makubwa kuliko ndugu zao wa aina ileile wanaoishi maji ya wazi. Katika Ziwa Nabugabo waliona pia kuwa sangara, asiyevumilia uhaba huo, hukwepa vinamasi, na furu wadogo hupata maficho humo. Anayechoma mafunjo ili apande mahindi anabomoa ngome hiyo.

Kwa wafugaji: ingiza mkono bwawani hadi kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni kabla maji hayajafika kiwikoni, acha samadi mara moja. Lisha jua likishapanda. Maji yanayoingia yaachwe yaanguke kutoka juu, yachanganyike na hewa.

Kwa halmashauri zetu mbili, Karagwe na Kyerwa, naomba jambo moja: kila kata yenye mabwawa iwe na kipimo cha oksijeni ya maji, na ofisa uvuvi akitumie alfajiri, samaki wanapokihitaji, si saa nne asubuhi.