Mwachie Nafasi Aseme

 

Mnamkumbuka kuhani Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji. Siku alipokuwa bubu, jamaa na majirani walikuwa wamekwisha kumchagulia mtoto jina kabla hawajamwuliza baba. Hatimaye Zakaria aliomba kibao, akaandika, nao wakastaajabu. Mimi nimelihubiri somo hilo mara nyingi, na bado nilifanya kosa la majirani wale.

Mzee mmoja wa parishi yetu, fundi seremala, alipata ajali barabarani. Alikaa siku nyingi kwa mashine ya kupumulia. Kisha madaktari wakamtoboa tundu mbele ya shingo, wakatia mrija katika njia ya hewa. Wataalamu huita trakeostomi. Nilipofika kumwona nilisema, "Mzee, hujambo? Usiku ulilala?" Midomo yake ilicheza, sauti haikutoka. Nikamjibia mwenyewe: "Tunamshukuru Mungu." Nikaomba apate usingizi, nikasema amina. Yeye aligeuza uso ukutani.

Mkewe alikuwa na chupa ya uji chini ya leso. Mumewe alilishwa kwa mrija wa puani, na kwa mama huyu hicho hakikuwa chakula. "Mchungaji, nimpe kidogo tu?" Nikasema, "Mpe, Mama." Kijiko kilikuwa karibu na mdomo alipoingia binti mmoja, mtaalamu wa tiba ya usemi na kumeza. "Tafadhali, ngojeni kwanza," akasema.

Alitueleza kwa upole. Sisi tunapomeza, njia ya hewa hujifunga ili chakula kisipotee. Mgonjwa kama huyu amedhoofika kooni, na uji waweza kuteremka mapafuni ukaleta nimonia. Wengine hata hawakohoi, ukadhani wamemeza vizuri. Kwa hiyo yeye huanza kwa kuusafisha mdomo, kisha matone ya maji, mgonjwa akiwa ameketi wima. Mara nyingine hutia rangi katika maji, aone kama itatokea kwenye mrija.

Na sauti? Pumzi ya mzee ilikuwa ikiingia na kutoka kwa mrija, chini ya nyuzi za sauti, haizifikii. Akili yake ilikuwa timamu. Alichokosa ni upepo tu.

Kisha binti yule alitoa kibao chenye herufi. Akamwuliza, "Baba, kuna jambo?" Akangoja. Ndugu zangu, alingoja muda ambao mimi nisingeuweza. Kidole cha mzee kilitembea polepole: M, L, A, N, G, O. Mlango! Kabla ya ajali alikuwa amepokea fedha za mjane mmoja amtengenezee mlango. Mbao zilikuwa bandani, na nyumba ya mjane ilikuwa wazi. Ndilo lililomnyima usingizi, nami niliomba alale bila kumwuliza anakesha kwa nini. Mwanawe alianza kazi hiyo wiki ile ile.

Baadaye, alipopata nguvu, walikitoa upepo kile kifuko kinachouzunguka mrija ndani, wakatia vali mdomoni mwa mrija. Vali hiyo hufunguka mtu akivuta pumzi na kujifunga akiitoa, hata hewa ikapanda kwenye nyuzi za sauti. Mmojawapo wa waliozibuni, katika miaka ya 1980, ni David Muir, kijana wa Marekani aliyekuwa na ugonjwa wa kudhoofika misuli, naye mwenyewe akipumua kwa mashine. Lakini kifuko kikiwa bado kimejaa, vali humzuia mgonjwa kutoa pumzi, naye aweza kufa. Hiyo ni kazi ya wataalamu, si yetu.

Sauti ya mzee ilitoka nyembamba, ya kukwaruza. "Mlango ulikwisha?" Mkewe akajibu, "Ulikwisha, Baba Watoto. Umetiwa na kufuli." Siku chache baadaye alimeza vijiko vitatu vya uji, binti yule akiwa kando yake.

Si wote wanaorudishiwa sauti. Wengine wataishi na mrija. Lakini ukienda hospitali, usimpe mgonjwa wa namna hiyo hata maji kabla ya kumwuliza muuguzi. Usiuguse mrija. Usimpigie kelele, maana anasikia. Uliza maswali ya kujibiwa ndiyo au siyo, kwa kope au kwa mkono, kisha nyamaza, ungoje. Na kabla ya kumwombea, mwulize anataka mwombe nini.

Tuombe. Ee Bwana, wewe wasikia hata midomo isiyo na sauti. Utusamehe tuliowajibia wenzetu. Utupe subira ya kungoja neno lao. Amina.