Jaji Mkuu Aliyechukuliwa Mahakamani

Asubuhi ya tarehe 21 Septemba, 1972, watu wenye silaha waliingia katika Mahakama Kuu mjini Kampala, nchini Uganda. Hawakuja kushitaki wala kushitakiwa. Walimfuata Jaji Mkuu wa nchi, Benedicto Kiwanuka, wakamtoa ofisini mwake mchana kweupe, wakamtia katika gari na kuondoka naye. Tangu siku hiyo hakuonekana tena, na hadi leo jamaa zake hawana kaburi la kuzuru.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa mwaka 1922 katika wilaya ya Masaka. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la wakoloni. Vita vilipokwisha hakuridhika na elimu aliyokuwa nayo, akaenda kusoma Lesotho, ambayo wakati huo iliitwa Basutoland, kisha akaenda London kusomea sheria. Alirudi nyumbani mwaka 1956 akiwa wakili.

Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha Democratic Party. Katika uchaguzi wa mwaka 1961 chama hicho kilipata ushindi, na tarehe 1 Machi, 1962, Uganda ilipopata serikali ya madaraka, Kiwanuka akawa Waziri Mkuu wa kwanza. Hakukaa sana. Mwezi wa Aprili mwaka huo huo chama chake kilishindwa katika uchaguzi mwingine, na Milton Obote akashika madaraka na kuiongoza nchi hadi uhuru, tarehe 9 Oktoba, 1962. Mwaka 1969 Kiwanuka alitiwa kizuizini.

Idi Amin alipompindua Obote mwezi wa Januari, 1971, aliwafungua wafungwa wengi wa siasa, na Kiwanuka alikuwa mmoja wao. Mwaka huo huo Amin akamteua kuwa Jaji Mkuu, Mwafrika wa kwanza wa Uganda kushika cheo hicho. Wako waliomlaumu kwa kukubali. Lakini mtu aliyekwisha kuonja kifungo anajua thamani ya mahakama iliyo huru, na yamkini aliamini kwamba utawala wa bunduki ungeweza kufungwa kwa kamba ya sheria.

Imani hiyo ilijaribiwa upesi. Mwezi wa Agosti, 1972, Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90 tu. Katika msukosuko huo askari walikuwa wakikamata watu wapendavyo. Mwezi wa Septemba shauri la mfanyabiashara mmoja Mwingereza, aliyekuwa akishikiliwa na askari, lililetwa mbele ya Jaji Mkuu. Kiwanuka hakutazama rangi ya mtu huyo wala uzito wa wale waliomkamata. Alitazama jambo moja tu: je, amekamatwa kwa mujibu wa sheria? Alipoona kwamba sivyo, aliamuru aachiliwe.

Waswahili husema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wako pia wasemao mwenye nguvu mpishe. Katika hukumu ile Kiwanuka alichagua usemi wa kwanza, huku akijua vizuri kwamba nje ya ukumbi wa mahakama wengi walikuwa wamekwisha kuuchagua wa pili.

Tarehe 17 Septemba Waganda waliokuwa uhamishoni waliivamia Uganda kutoka Tanzania. Uvamizi ule ulishindwa, na Amin akaanza kuwasaka wote aliowashuku. Siku nne baadaye ilifika zamu ya Jaji Mkuu. Serikali ilikana kuhusika. Lakini hapana mtu aliyepata kueleza jinsi watu wenye silaha wangeweza kumteka Jaji Mkuu katikati ya mji mkuu, kisha wakapita salama bila kuzuiwa na askari hata mmoja.

Hasara haikuwa ya jamaa zake peke yao. Jaji Mkuu akiweza kuchukuliwa ofisini mwake, mkulima wa kijijini atakimbilia wapi? Mahakama za Uganda ziliendelea kufungua milango kila asubuhi, lakini hofu ilikuwa imekwisha kukaa ndani. Maelfu kwa maelfu ya watu walipotea hadi Amin alipoangushwa tarehe 11 Aprili, 1979.

Amin alikimbilia ng'ambo, akafa Saudi Arabia mwaka 2003 bila kusimamishwa mbele ya jaji yeyote. Uganda kwa upande wake imeendelea kumkumbuka Kiwanuka: tangu mwaka 2018 mahakama za nchi hiyo zimekuwa zikifanya mhadhara wa ukumbusho kwa jina lake. Ni heshima inayostahili. Lakini heshima iliyo kubwa zaidi, katika Uganda na katika kila nchi jirani, ni ile isiyohitaji mhadhara: kwamba jaji akisema mtu aachiliwe, mtu huyo aachiliwe, na jaji arudi nyumbani kwake salama jioni.