Kamera ikiondoka, mtoto anabaki na nani?

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa wanafunzi wa sekondari kwenye klabu yao ya afya. Tumeyafupisha kidogo.



Najua wengi wenu mnapenda maigizo. Kuna wanaoandaa igizo la ukimwi, kuna wanaotaka kurekodi filamu fupi kuhusu dawa za kulevya. Vizuri sana. Basi leo nataka tuzungumze kuhusu filamu moja iliyotengenezwa kwa fedha kidogo, na watoto waliomo ndani yake hawakuwa waigizaji. Walikuwa watoto wa mitaani kweli kweli.

Filamu hiyo inaitwa Salaam Bombay! Ilitoka mwaka 1988 huko India. Aliyeiongoza ni Mira Nair, mwanamke wa Kihindi ambaye hata sisi wa Afrika Mashariki si mgeni kwetu. Ana makazi Kampala, na mwaka 2004 alianzisha huko Maisha Film Lab, mahali pa kuwafundisha vijana wa nchi zetu kutengeneza filamu.

Kisa chenyewe

Krishna ni mtoto mdogo. Ameharibu pikipiki ya kaka yake, na mama amemwambia asirudi nyumbani mpaka apate rupia 500 za kuilipia. Anapata kazi kwenye sarakasi. Siku moja anatumwa dukani, kurudi anakuta sarakasi imeshahama! Anakata tiketi ya treni mpaka Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai.

Huko anafanya kazi ya kupeleka chai, mpaka kwenye nyumba za makahaba. Hata jina lake linapotea. Watu wanamwita Chaipau, yaani chai na mkate. Anaweka akiba senti kwa senti ili arudi kwa mama. Rafiki yake mkubwa ni Chillum, kijana anayeuza unga na kuuvuta. Bosi anapomfukuza Chillum, unga hapati tena. Mwishowe ile akiba ya Krishna inaibwa, na mwizi ni Chillum yule yule.

Hebu tusimame hapo kidogo. Mtu anawezaje kumwibia rafiki yake wa pekee? Unga, yaani heroini, mwili ukiuzoea unaudai. Mtu asipoupata anatapika, anaharisha, viungo vinauma, usingizi hauji. Hiyo ndiyo arosto. Na akizidisha kipimo, pumzi inapungua mpaka inakatika. Chillum anakufa. Kwenye filamu hatokei daktari wa kutuhubiria. Tunamwona tu Krishna akibaki bila rafiki na bila akiba.

Mimi naongeza jambo moja: tiba ipo. Kuna dawa ya methadoni inayotuliza arosto na kumsaidia mtu aache unga. Hapa Tanzania, Hospitali ya Muhimbili ilianza kuitoa mwaka 2011. Kwa hiyo teja ni mgonjwa anayeweza kutibiwa, msimwite maiti inayotembea.

Kwa nini watoto wenyewe?

Njia hii haikuanzia India. Mwaka 1948 huko Italia, Vittorio De Sica alitoa filamu kuhusu baba anayeibiwa baiskeli yake ya kazi. Baba huyo aliigizwa na Lamberto Maggiorani, mfanyakazi wa kiwandani. Uso wake ulikuwa uso wa mtu anayeijua shida, huwezi kuununua.

Mira Nair naye alitaka nyuso za namna hiyo. Wakubwa kadhaa kwenye filamu yake walikuwa waigizaji wa kazi, lakini watoto walitafutwa mitaani. Walikuja zaidi ya 100, wakachaguliwa 24. Wakafundishwa kwa wiki kadhaa na mwalimu wa maigizo anayeitwa Barry John. Mwanzoni, ukimwambia mtoto aigize, analeta mbwembwe za sinema za Kihindi: anapiga kelele, anajitupa chini! Kazi ya mwalimu ikawa kuwaondolea mbwembwe hizo, wazungumze na kutembea kama wanavyofanya siku zote.

Filamu ilipata tuzo ya Caméra d'Or kwenye tamasha la Cannes, Ufaransa, mwaka huo huo wa 1988. Ikateuliwa hata kwa tuzo ya Oscar kule Marekani.

Baada ya makofi

Sasa hapa ndipo ninapotaka mnisikilize zaidi. Watengenezaji wakipanda ndege kwenda kwenye tamasha, yule mtoto je?

Huko Brazil kulikuwa na filamu kama hii, Pixote. Mtoto aliyeicheza, Fernando Ramos da Silva, alitoka kwenye familia maskini karibu na São Paulo. Akasifiwa dunia nzima. Baadaye alishindwa kuendelea na uigizaji, na sababu moja ilikuwa kwamba kusoma kulimpa shida. Akarudi kwenye maisha yale yale. Mwaka 1987 aliuawa kwa risasi za polisi. Alikuwa na miaka 19 tu.

Mira Nair na wenzake waliamua wasiishie kwenye makofi. Kwa mapato ya filamu wakaanzisha shirika la kusaidia watoto wa mitaani, Salaam Baalak Trust. Kule Delhi lilianza kazi karibu na stesheni ya treni, mahali watoto wanaotoroka nyumbani wanaposhukia. Linatoa malazi, masomo na matibabu. Mmoja aliyelelewa huko ni Vicky Roy. Alikuwa akiokota chupa stesheni, leo ni mpiga picha anayejulikana nchi nyingi.

Lakini jamani, hata hapo mambo hayakuwa mepesi kwa kila mtu. Shafiq Syed, yule aliyecheza Krishna, alipewa tuzo ya taifa ya mwigizaji mtoto. Kazi za filamu hazikumjia kama alivyotarajia. Akarudi kwao Bangalore, akawa dereva wa bajaji. Kuendesha bajaji ni kazi halali, wala si aibu. Ila tujue kwamba tuzo si ajira, na mtoto aambiwe hivyo mapema.

Na ninyi je?

Mnaweza kusema, "Sisi hatuna kamera kubwa." Hata simu moja inatosha kumwumiza mtu. Kabla hamjaanza kurekodi, kumbukeni haya:

Mwambieni kila mshiriki picha zitaonyeshwa wapi na nani ataziona. Akikataa, amekataa, msimbembeleze. Kama ni mtoto, mzazi au mlezi akubali pia.

Msimwombe mwenzenu anayeishi na virusi vya ukimwi acheze nafasi ya mgonjwa. Siri ya afya yake ni yake mwenyewe. Mwingine anaweza kuicheza nafasi hiyo.

Mkipata fedha, hata kidogo, gaweni wazi. Na msiahidi msichoweza kutimiza.

Mtu akianza kulia wakati wa mazoezi kwa sababu yamemkumbusha yaliyompata, simamisheni. Mtafuteni mwalimu wa ushauri au mhudumu wa afya mnayemwamini. Filamu inaweza kusubiri.

Igizo la kweli lina nguvu kwa sababu watu walio ndani yake ni wa kweli. Na mtu wa kweli, taa zikizimwa, bado ana njaa, ana siri, ana kesho yake. Mtunzeni.



Maswali ya kujadili
1. Kama ungekuwa Krishna, ungemsamehe Chillum? Kwa nini?
2. Mtengenezaji wa filamu anadaiwa nini na watoto aliowatumia?
3. Klabu yenu ikirekodi igizo, nani ataamua picha zipi zifutwe?