Ndururu Yenye Tundu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu)



Nimeombwa niseme machache juu ya sarafu za Kenya. Nitaanza na marehemu baba yangu. Alikuwa kipofu, akisuka mikeka na kuiuza mlangoni petu. Hakuhitaji macho kuhesabu fedha zake. Sarafu za Afrika Mashariki za senti 5 na senti 10, yaani ndururu na peni, zilikuwa na tundu katikati. Akikosa tundu, alijua ameshika thumuni au shilingi.

Mwaka 1966 Kenya ilitoa sarafu zake yenyewe, zenye sura ya Mzee Jomo Kenyatta. Tulifurahi, maana ilikuwa alama ya uhuru. Lakini uso wa mtu hautobolewi, basi tundu likaondoka. Mnunuzi mmoja akamlipa baba ndururu mpya tano, akamwambia ni shilingi tano. Muhula ule karo yangu ilipungua, nikakaa nyumbani majuma mawili. Baba alisema tu, "Mwanangu, sasa hata shilingi sharti niulize watu."

Mwaka 1980 ikaja sura ya Rais Moi, na mwaka 2005 ya Mzee Kenyatta ikarudi. Katiba ya 2010 ikakataza sura ya mtu yeyote katika fedha zetu. Tarehe 11 Desemba 2018 zikazinduliwa sarafu mpya: twiga katika shilingi 1, kifaru katika 5, simba katika 10 na ndovu katika 20, upande wa pili pana nembo ya taifa.

Wengi walizungumza juu ya sura zilizoondoka. Mimi nilishika neno jingine: Benki Kuu ilisema sarafu hizo zimeundwa ili wasioona nao wazitambue kwa urahisi. Siku nilipozipata nilifumba macho, nikazipapasa moja moja, nikamkumbuka mzee wangu.

Vijana, miongoni mwenu watatoka wahandisi na maofisa wa serikali. Mkipewa kazi ya kupanga kitu cha kutumiwa na wote, kabla hamjatia sahihi mwiteni yule ambaye kitamwia kigumu zaidi, akishike kwa mikono yake, mumsikilize.